Kesi Yako Ikihamishiwa Mahakama ya Shirikisho

Umemshtaki mwajiri kwa mshahara wako katika mahakama ya jimbo la Kentucky. Siku chache baadaye wakili wake anakuletea taarifa kwamba kesi imehamishiwa mahakama ya shirikisho. Usiende kulalamika kwa jaji wa jimbo. Taarifa hiyo ikishawasilishwa kwake, hana ruhusa ya kuendelea na kesi mpaka irudishwe.

Anayeweza kuhamisha ni mdaiwa tu. Sababu mojawapo inayomruhusu ni kwamba madai yako yanatokana na sheria ya shirikisho. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu kinachotazamwa ni hati ya madai uliyoandika wewe. Utetezi wa mdaiwa hauhesabiwi.

Kanuni hiyo ilipata jina kubwa kwa kesi iliyotoka Kentucky kwenyewe. Annie Mottley na mumewe Erasmus waliumia treni zilipogongana mwaka 1871, na kampuni ya reli ikawapa pasi za kusafiri bure maisha yao yote. Mwaka 1906 Bunge la Marekani lilipiga marufuku pasi za namna hiyo. Kampuni ikakataa kuzihuisha pasi zao. Wakashtaki katika mahakama ya shirikisho, wakieleza kwamba kampuni itajificha nyuma ya sheria hiyo mpya. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ikaitupa kesi: madai yao yalihusu mkataba, na sheria ya shirikisho ilikuwa hoja ya upande wa pili. Walianza upya jimboni. Safari hiyo kesi ilifika tena Mahakama ya Juu, na mwaka 1911 wakashindwa.

Turudi kwenye mshahara wako. Ukidai malipo ya saa zinazozidi 40 kwa wiki chini ya sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938, mwajiri anaweza kuihamisha kesi, ingawa sheria hiyo hiyo inakuruhusu kuifungua jimboni. Ukidai chini ya mkataba au sheria ya mshahara ya jimbo peke yake, hoja yake kwamba sheria ya shirikisho inamlinda haitoshi. Kwa hiyo muulize wakili wako, kabla hajasajili hati, ametaja sheria zipi na kwa nini. Aya moja iliyoongezwa kwa mazoea yaweza kukupeleka usikotaka.

Jihadhari na mafao ya bima au pensheni ya kazini. Mara nyingi madai hayo huhesabiwa kuwa ya shirikisho hata kama hukuitaja sheria yake. Madai mengine ya jimbo ambayo hukumu yake inategemea sheria ya shirikisho nayo huweza kuhamishwa, lakini ni machache sana.

Mdaiwa ana siku 30 tangu akabidhiwe hati za kesi. Akikosea utaratibu, kwa mfano akichelewa, nawe una siku 30 tangu awasilishe taarifa ya kuhamisha kuomba kesi irudishwe. Zikipita, kosa hilo limesamehewa. Mahakama isipokuwa na mamlaka kabisa, pingamizi halina ukomo wa siku.

Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mdai akirekebisha hati na kuyaondoa madai ya shirikisho baada ya kesi kuhamishwa, yakabaki ya jimbo tu, kesi hurudi jimboni. Na madai ya fidia ya kuumia kazini, yanayofunguliwa chini ya sheria ya fidia ya jimbo, hayahamishwi.