Subira ya Mkulima na Malezi ya Nafsi

Sifa ya Mwenyezi Mungu iliyotangulizwa katika Sura Al-Fatiha ni Rabb, yaani Yule aumbaye kitu kisha akakilea hatua kwa hatua mpaka kikafikia ukamilifu wake. Nabii Nuhu (a.s.) naye aliwakumbusha watu wake kuwa Mungu amewaumba kwa hatua mbalimbali (71:15). Basi mwenye kutaka ukamilifu wa siku moja ameisahau sifa hii ya Mola wake.

Wapo ndugu waliotubu kwa moyo wa kweli, kisha baada ya miezi michache wakasema: "Nasali, nafunga, mbona hasira yangu ingali ile ile?" Wengine huona haya hata kufika msikitini, wakidhani toba yao haikupokewa. Hapo ndipo shetani anapomnyang'anya mtu mema machache aliyokwisha kuyapata.

MFANO WA MASHAMBA YETU

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wanao mwalimu karibu nao. Mahindi yapandwayo katika joto la bonde la Usangu hukomaa mapema. Yapandwayo katika baridi ya Mufindi hukawia. Mkulima wa Mufindi hayang'oi mahindi yake kwa kuwa ya Usangu yamekwisha kukauka. Vivyo hivyo, usiipime nafsi yako kwa nafsi ya ndugu yako. Huenda yeye alilelewa penye joto la wazazi wachamungu, nawe ulianza penye baridi.

Tazama pia mche wa chai, kule Mufindi au Rungwe. Ukiachwa upendavyo hurefuka ukawa mti, na mchumaji asiyafikie majani yake. Kwa hiyo hupogolewa ungali mchanga, ukatanua matawi, na baada ya miaka kadhaa ukaanza kutoa mavuno ya miaka mingi. Aonaye kisu tu husema mche unaharibiwa. Na misukosuko imfikayo muumini mara nyingi ni kisu cha Mlezi.

HATUA TATU ZA NAFSI

Seyidna Ahmad (a.s.), Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwaka 1896, ijulikanayo kama Falsafa ya Mafundisho ya Islam, ameeleza kutoka katika Kurani Tukufu hali tatu za nafsi: iamrishayo maovu (12:54), ijilaumuyo (75:3), na iliyotulia (89:28). Mwenye nafsi ijilaumuyo amemfananisha na mtoto dhaifu ambaye hapendi kuanguka, lakini huanguka kwa unyonge wake, kisha akajuta.

Ewe ndugu uliyekata tamaa, zingatia jambo hili! Majuto yako yenyewe ni dalili kwamba umekwisha kuanza kuondoka katika hatua ya kwanza, kwani nafsi iamrishayo maovu haijuti. Mtoto anayejifunza kwenda akianguka, mama hamwambii alale daima.

SUBIRA SI UVIVU

Lakini asije mtu akasema, "Nitangoje mpaka Mungu anibadilishe." Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Mvua ya Nyanda za Juu za Kusini haimwoteshei mahindi asiyepanda, wala haimpalilii mtu shamba. Kazi ya leo ni yetu: Sala ya Alfajiri katika baridi ya mwezi wa Julai, kumeza neno moja la hasira, kumwomba radhi jirani. Wakati wa kuiva ni wa Mungu. Mtukufu Mtume (s.a.w.) ametufundisha pia kwamba mja hujibiwa dua zake maadamu hafanyi pupa akasema, "Nimeomba, sikujibiwa."

Kurani Tukufu yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23. Sheikh Mubarak Ahmad aliwasili Afrika Mashariki mwaka 1934, na Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1953. Na wafuasi wa Mtume wamefananishwa na mmea utoao chipukizi, ukalitia nguvu, likanenepa, likasimama juu ya shina lake, likawafurahisha wakulima (48:30). Chipukizi halikudharauliwa kwa kuwa bado si shina.

Basi kila mmoja ajiulize usiku huu, si "Je, nimekwisha kuiva?" bali "Je, leo nimepalilia?"

Mwenyezi Mungu atujalie subira iliyo njema, na atulee mpaka tufikie nafsi iliyotulia. Amin.