Kuhoji Wakazi wa Muhoroni Kuhusu Nyumba: Anza na Siku Yao, Si na Mpango wa Kaunti

Wanafunzi wa vyuo na vijana wa mashirika huniuliza mara kwa mara nilitumia maswali gani nilipokuwa nikihoji watu wa Muhoroni, Kaunti ya Kisumu, kuhusu nyumba na hali ya maisha. Huwajibu kwamba maswali yaliyonifaa zaidi hayakutaja mkakati wa nyumba hata mara moja. Mpangaji wa chumba kimoja ukimuuliza, "Unauonaje mkakati wa nyumba wa kaunti?" atakupa jibu la adabu. Atasema serikali inajitahidi, au atawalaumu wanasiasa, na utaondoka na maneno ambayo ungeyapata popote Kenya. Muulize jana alichota maji wapi, saa ngapi, na kwa bei gani. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Kabla ya kuuliza chochote, ujue mji wenyewe ulivyokaa. Muhoroni ulianza kama kituo cha reli, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901 enzi Kisumu ikiitwa Port Florence. Kisha ukakuzwa na miwa. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya walowezi yaligawiwa wakulima wadogo, na kampuni ya sukari ikaanzishwa mwaka 1966. Mwaka 2001 kampuni iliwekwa chini ya meneja mrasimu kwa sababu ya madeni, na mwaka 2025 serikali ikaikodisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka 30. Mambo haya yanaingia moja kwa moja katika nyumba za watu. Anayeishi kwenye kota za kiwanda hana hofu sawa na mpangaji wa ploti ya mabati mjini. Mkulima wa miwa kule Koru, aliye na shamba lenye hati, hana shida sawa na mkata miwa aliyetoka mbali, anayelala na wenzake watatu katika chumba kimoja wakati wa mavuno. Na aliye chini kwenye tambarare ya mto Nyando anaipima nyumba kwa jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama maji ya mafuriko yataingia. Ukichagua watu wa kuhoji kutoka kundi moja tu, usiseme umewahoji wakazi wa Muhoroni. Umehoji mtaa.

Upande wa serikali nao una mambo yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali kuu sera ya nyumba, na linaipa kaunti mipango ya maendeleo pamoja na nyumba zenyewe. Kwa hiyo kila ofisa ana nafasi ya kukuelekeza kwa mwenzake. Nenda kote kuwili. Usimwulize ofisa wa kaunti mipango ikoje kwa jumla, maana atakusomea hotuba. Ingia ukiwa umeshausoma Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa 2023–2027, ufungue ukurasa unaohusika, umwombe akueleze mradi huo umefikia wapi, fedha zake zilitengwa mwaka gani, na nani walihesabiwa kuwa watanufaika. Ukiweza, mtafute pia mzee aliyefanya kazi katika baraza la mji kabla mabaraza hayajavunjwa mwaka 2013. Wazee hawa wanakumbuka ni nyumba zipi zilikuwa za umma, nani alikuwa akikusanya kodi, na mambo mengine ambayo faili hazisemi.

Vibali usivikwepe. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakulazimu kutunza majina na sauti za watu kwa uangalifu. Pita kwa chifu na naibu wake, ujitambulishe kwa mzee wa mtaa. Lakini wakishakutambulisha, waombe kwa heshima wakuache uendelee peke yako. Mama wa ploti hawezi kukueleza kwamba choo kimefurika wiki nzima huku mzee wa mtaa, ambaye ni rafiki wa mwenye ploti, amekaa kwenye benchi hilo hilo akisikiliza.

Utakutana na hofu, na hofu hiyo ina msingi. Februari 2021 nyumba za Wanubi wa Kibos, karibu na Kisumu, zilibomolewa ili ardhi ya reli iachwe wazi. Waliokuwa wakiishi hapo kwa vizazi walibaki nje na watoto wao. Reli hiyo hiyo ndiyo inayopita Muhoroni. Ukifika karibu na njia ya reli na karatasi mkononi, ukianza kuhesabu milango, swali la kwanza utakaloulizwa ni majina yanaandikwa ya nini. Wengine watadhani umeleta msaada wa mafuriko, na watakueleza shida kubwa kuliko walizo nazo. Kwa hiyo sema mapema, kwa lugha nyepesi, wewe ni nani, nani amekutuma, huandikishi mtu kwa msaada wala kwa kubomolewa, na kwamba anayehojiwa ana haki ya kukataa au kuacha katikati. Jina halisi usiliandike kabisa, mpe kila mtu namba. Na kama utamlipa mtu kwa muda wake, iwe ni kiasi kidogo, sawa kwa wote, kitajwe mwanzoni. Mimi naona ni haki. Mtu wa kibarua akikaa nawe saa nzima, ameacha chakula cha siku hiyo.

Sasa maswali. Mwongozo wangu niliujenga juu ya maelezo ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi na kijamii, yaliyotolewa mwaka 1991. Yanataja mambo saba yanayoifanya nyumba istahili kuitwa nyumba: kukaa bila hofu ya kufukuzwa ovyo, huduma kama maji na choo, gharama unayoimudu, jengo lisilovuja wala kuhatarisha afya, kufikika kwa wazee na walemavu, kuwa karibu na kazi, shule na hospitali, na kuheshimu mila za wanaoishi humo. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha na usafi wa kiwango kinachofaa. Mambo hayo saba yanakusaidia kukagua kama kuna eneo umelisahau. Lakini usimsomee mtu orodha. Kila jambo ligeuze liwe tukio lililotokea.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Huanza na siku: "Hebu nieleze jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala." Kisha nanyamaza. Ndani ya maelezo hayo maji yatajitokeza yenyewe, na choo, na moshi wa makaa chumbani, na mtoto aliyefanyia kazi ya shule kitandani kwa sababu hakuna pa kuweka meza. Likitajwa jambo, nafuata mara ya mwisho: "Mara ya mwisho kodi kupandishwa ilikuwaje? Nani alikuja kukuambia? Ulipata karatasi?" "Mara ya mwisho stima kupotea mlifanyaje?" "Mvua kubwa ya mwisho, maji yaliingia mpaka wapi?" Swali la mwisho ni zuri sana kwa sababu mtu huinuka akakuonyesha alama ukutani. Ukiuliza "kwa kawaida" utapewa wastani wa kichwani. Ukiuliza mara ya mwisho, utapewa kilichotokea.

Usalama wa usiku uulize kwa makini, na ikiwezekana mwanamke amhoji mwanamke. Choo kilicho upande wa pili wa ploti, bila taa, ni suala la uhai kwa msichana wa miaka kumi na minne. Mama mmoja aliniambia kwamba saa za usiku binti zake hutumia ndoo, na kwamba hajawahi kuulizwa jambo hilo na mtu yeyote aliyekuja na fomu. Sikuwahi kuona fomu yenye nafasi ya jibu kama hilo. Hapo ndipo mahojiano yanapozidi hesabu: sensa itakwambia ploti ina choo, mahojiano yatakwambia kinatumika saa ngapi na nani anakiogopa.

Jambo jingine ambalo mgeni hulikosa ni kwamba wengi wa wapangaji Waluo wana boma kwingine. Mwanamume hujenga nyumbani kwao, na huko ndiko familia itamzika. Chumba cha Muhoroni kwao ni pa kulala ili wafanye kazi. Ukimuuliza mtu kama huyo angependa aboreshewe nini katika nyumba yake, anaweza kukueleza habari za bati la nyumba ya kijijini Nyakach, na wewe ukaandika kwamba wapangaji wa Muhoroni wanataka mabati. Tenganisha mambo haya mawili tangu mwanzo. Muulize anatuma kiasi gani kwa ujenzi wa nyumbani na kinachobaki kinalipa chumba gani hapa. Jibu hilo linasema mengi kuhusu kwa nini nyumba za kununua kwa kulipa miaka mingi hazimvutii kila mtu, hata pale mshahara wake unakatwa asilimia 1.5 ya ada ya nyumba chini ya sheria ya 2024, na mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho.

Kuhusu saa: Jumamosi waache Wasabato wasali. Jioni baada ya zamu, au Jumapili mchana, ndiyo nafasi nzuri. Dakika arobaini na tano hadi saa moja zinatosha. Muhoroni ni mji wa Waluo, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii, hivyo tafuta msaidizi wa hapo anayezijua lugha zaidi ya moja, na mwache mtu aongee kwa ile anayoitumia kulalamika. Mpangoni weka siku za Aprili au Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika, uione nyumba ikivuja badala ya kusimuliwa.

Watu wangapi? Guest, Bunce na Johnson, katika utafiti wao wa 2006 uliotumia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, walikuta kwamba mambo makuu yalikuwa yamejitokeza kufikia mahojiano ya 12. Lakini wale walikuwa watu wanaofanana. Kwa Muhoroni nashauri uihesabu kumi na mbili kwa kila kundi, si kwa mji mzima. Jioni ile ile andika ulichokiona, kabla hakijachakaa kichwani. Na unapopanga majibu, usiyatupe yanayopingana. Mwenye ploti akisema wapangaji hawalipi, na wapangaji wakisema hawapewi risiti, hizo ni habari mbili za kweli kuhusu jambo moja, na mpango wowote wa nyumba lazima uzikabili zote.

Mwishowe rudi kwa uliowahoji. Kaa nao, uwasomee ulichokielewa, wakusahihishe, halafu mwende nacho pamoja kwenye mkutano wa umma wa kujadili mpango wa kaunti. Chunga tarehe: Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hoji Aprili na Mei, andika Juni, rudi kwa wakazi Julai. Ripoti inayofika Oktoba imeukuta mpango wa mwaka ule umeshawasilishwa, na yule mama wa ndoo atasubiri mwaka mwingine.