Redio za Wazima Moto: Analojia na Dijitali

Fikiri kwamba nyumba ya mawe iliyoezekwa kwa makuti inaungua katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Upepo wa kaskazi unavuma, nao moto unaenea upesi. Askari mmoja wa zimamoto yumo ndani. Mkuu wake, aliye nje, anaona paa likianza kuinama. Je, atamwambiaje askari atoke? Atatumia redio ya mkononi, iitwayo pia simu ya upepo. Redio hizo ni za aina mbili.

Redio ya analojia
Unaposema, sauti yako hupanda na kushuka. Redio ya analojia hutuma mawimbi yanayobadilika kwa kuifuata sauti hiyo. Umbali, au kuta nene za mawe ya matumbawe, hudhoofisha mawimbi. Hapo mikwaruzo huingia katika maneno. Askari asikiapo mikwaruzo ikizidi, hujua kwamba mawasiliano yanakaribia kukatika.

Redio ya dijitali
Redio hii huipima sauti maelfu ya mara kwa kila sekunde. Vipimo hivyo huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Redio inayopokea huzitambua tarakimu hizo na kuijenga sauti upya. Kwa hiyo maneno husikika safi hata mawimbi yakidhoofika kiasi. Lakini yakidhoofika mno, tarakimu hazitambulikani, na sauti hukatika ghafla.

Waulize wazazi wako juu ya televisheni. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba, 2012. Kabla ya hapo, mawimbi hafifu yalileta picha yenye chenga. Katika dijitali, picha huganda au hupotea mara moja.

Jaribio
Vifaa: debe tupu na uwanja.
1. Simama hatua 10 mbali na mwenzako. Wengine wapige kelele kidogo.
2. Msomee mwenzako sentensi ndefu. Aandike maneno aliyoyasikia.
3. Gonga debe: pigo 1 ni "baki", mapigo 2 ni "toka".
4. Rudia ukiwa mbali zaidi.

Mtaona kwamba maneno ya sentensi hupotea kidogo kidogo. Mapigo huhesabika sawasawa hata yakiwa hafifu. Lakini yakifunikwa na kelele, ujumbe wote hupotea.

Jambo la kukumbuka
Kila redio ina mahali isipofika. Kwa hiyo wazima moto hujaribu redio zao kabla ya kuingia, tena hupatana ishara nyingine, kama honi ya gari. Nawe ukiona moto, kimbia nje kwanza, kisha mwombe mtu mzima apige simu namba 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Maswali
1. Redio ya dijitali hutumia tarakimu gani?
2. Mikwaruzo humwonya askari juu ya nini?
3. Kwa nini askari asitegemee redio peke yake?