Zamu ya vyoo



Mwaka wangu wa kwanza wa falsafa nilipangiwa kusafisha vyoo, kuanzia Januari hadi Pasaka. Nakiri, nilikereka. Unadeki asubuhi, ikifika saa nne, muda wa chai, mtu keshapita na mabuti ya shamba, kote matope. Hakuna wa kusema asante. Ila wakikuta pachafu, hapo ndipo kila mtu anajua zamu ni ya nani!

Darasani wakati huo tulikuwa tunamsoma Aristotle. Yeye anatofautisha kutengeneza na kutenda. Ukitengeneza kiti, lengo ni kiti. Kikivunjika, ulichokitafuta kimepotea. Lakini tendo jema lengo lake limo ndani ya tendo lenyewe. Nikajiuliza, brashi mkononi (falsafa huanzia popote jamani): choo kitachafuka tena, sawa, lakini mimi ninakuwa mtu wa namna gani ninapokisafisha? Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anafundisha kwamba thamani ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali na ukweli kwamba anayeifanya ni mtu.

Usinielewe vibaya. Hulazimiki kuiona kazi tamu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu anasimulia kwamba walipokuwa wakifua huko konventini Lisieux, sista aliyekuwa mbele yake alimrushia maji machafu usoni, tena na tena. Wazo la kwanza lilikuwa arudi nyuma na kujifuta, ili mwenzake ajue anachokifanya. Akajizuia, akayapokea kama hazina. Lakini hakusema maji yale ni masafi. Alijua ni machafu, na ndiyo maana alikuwa na kitu cha kumtolea Yesu.

Wala hii si kofia ya kuwafunika wanyonyaji. Waraka uleule unadai ujira wa haki. Dada wa kazi ambaye hajalipwa miezi mitatu usimwambie "mtolee Bwana". Alipwe kwanza.

Ila zipo kazi ambazo hata haki ikitendeka, shukrani haiji: kumgeuza bibi kitandani usiku, kusugua masufuria ya msibani wenzako wakiwa wameshaondoka. Hapo, kabla hujaanza, mtaje moyoni mtu mmoja unayemfanyia kazi hiyo. Mimi nilimchagua frateri mmoja ambaye hatukuwa tunaelewana kabisa. Siku za mwanzo nilimtaja nimekaza meno. Kufikia Juma Kuu nilijikuta naanza na choo anachotumia yeye.

Hakuwahi kujua, na maneno yake hayakupungua hata kidogo.

Muhula huu nimepewa banda la nguruwe. Bado natafuta wa kumtaja.