SOMO LETU: CHOMBO KIZURI NI KILE KINACHORUDI



Leo tutajifunza juu ya vyombo vya kubebea mazao. Wengine watasema, "Aa, tenga ni tenga tu, lina somo gani?" Subirini kidogo. Ndani ya tenga mna hesabu, na asiyeijua hesabu hiyo huilipa kwa jasho lake.

Sisi wa Bigwa tumekaa mahali pazuri pa kujifunza jambo hili. Hapa kwetu barabara ya kutoka Matombo na Mkuyuni inakutana na barabara kuu ya Morogoro na Dar es Salaam. Ndizi, machungwa, mananasi na mboga za milima ya Uluguru hupita mbele ya macho yetu.

Hebu tazama tenga la nyanya likishushwa garini. Mara nyingi chini yake panachuruzika maji. Nyanya za juu ni nzima, lakini za chini zimepondeka. Mnunuzi anaingiza mkono, anautoa umelowa, anasema, "Mama, hizi mbovu. Siwezi kukulipia tenga zima." Kazi ya miezi mitatu inapungua bei kwa dakika moja.

KWA NINI NYANYA ZINAPONDEKA?

Sababu ya kwanza ni kina cha tenga. Tenga likiwa refu, nyanya za chini hubeba uzito wa zote zilizo juu. Ya pili, fito za ndani zina ncha zinazochoma. Ya tatu, tenga ni laini. Ukiweka jingine juu yake, uzito hauendi kwenye tenga, unakwenda kwenye nyanya. Na nyanya moja ikipasuka huozesha jirani zake. Wazee walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

TUJIFUNZE KWENYE KRETI LA SODA

Sote tunalijua kreti la soda la chupa za vioo. Lina vyumba 24, kila chupa na chumba chake, ili zisigongane. Makreti yakipangwa moja juu ya jingine, uzito unashuka kwenye kuta za makreti, siyo kwenye chupa. Lina mahali pa kushikia. Soda ikinywewa, chupa hurudi kiwandani, huoshwa, hukaguliwa, na hujazwa tena. Ukitaka kuondoka na chupa dukani bila kuacha chupa tupu, muuzaji anadai pesa ya chupa.

Basi mwenye kiwanda alifikiria mambo mawili pamoja: jinsi chombo kitakavyokwenda, na jinsi kitakavyorudi. Sisi wakulima mara nyingi tunafikiria la kwanza tu.

TUPIGE HESABU

Bei hizi ni za mfano. Wewe weka bei za kwenu.

Tuseme tenga moja ni shilingi 3,000, nalo linakwenda sokoni safari 2, kisha linavunjika. Kila safari inakugharimu shilingi 1,500.

Tuseme kreti la plastiki ni shilingi 15,000, na kulirudisha tupu unalipa shilingi 200 kila safari.

Kwa safari 10: matenga 5 ni shilingi 15,000. Kreti ni 15,000 na nauli 2,000, jumla 17,000. Hapo tenga bado ni rahisi.

Kwa safari 12: matenga 6 ni shilingi 18,000. Kreti ni 15,000 na nauli 2,400, jumla 17,400. Hapo kreti limeshinda.

Kwa safari 60: matenga 30 ni shilingi 90,000. Kreti ni 15,000 na nauli 12,000, jumla 27,000.

Umeona? Lakini angalia: kreti hilo likipotea baada ya safari 5, umetumia 15,000 na nauli 1,000, yaani shilingi 3,200 kwa kila safari. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya tenga! Kwa hiyo kreti likirudi ni mali. Lisiporudi ni hasara tupu.

KRETI LIWE NA SIFA GANI?

1. Lisiwe na kina kirefu. Kwa nyanya, kina kisizidi sentimeta 30.

2. Ndani liwe laini, na ubavuni liwe na matundu ya kupitisha hewa.

3. Pembe ziwe imara, ili makreti yapangwe bila kubonyea.

4. Likijaa, mtu mzima aweze kuliinua bila kulitupa. Kilo 20 zinatosha.

5. Lioshwe kwa urahisi. Kreti chafu hubeba ugonjwa kutoka mzigo wa jana hadi mzigo wa leo.

6. Makreti matupu yaingiane kama sufuria, au yakunjike, ili yasijaze gari wakati wa kurudi.

7. Yote yawe na kipimo kimoja. Mwaka 1961 mashirika ya reli ya Ulaya yalikubaliana kutumia chaga za mbao za kupakia mizigo zenye kipimo kimoja: sentimeta 120 kwa 80. Makreti yenye urefu wa sentimeta 60 na upana wa 40 yanakaa juu yake 4 kamili, bila kubakiza nafasi. Gari letu nalo ni hivyo hivyo. Makreti yanayolingana hujaza gari vizuri, wala hayachezi njiani.

Tena kuna faida nyingine. Kreti la kupangwa haliwezi kujazwa kupita ukingo, maana la juu yake litaponda mzigo. Hapo lumbesa inakosa mahali pa kukaa. Mnunuzi akisema, "Ongeza, ongeza," kreti lenyewe linajibu kwamba limejaa.

LITARUDI NAMNA GANI?

Hapa ndipo wengi wanashindwa. Kreti linafika mjini, linageuka kiti cha muuza kahawa au kiota cha kuku. Njia za kuzuia ni hizi:

Kwanza, wakulima wa kikundi wanunue makreti pamoja, wayape namba kwa rangi isiyofutika.

Pili, mchukuzi aache dhamana inayolingana na bei ya kreti. Akileta kreti, anapewa pesa yake. Mtu hasahau mahali alipoweka shilingi 15,000 zake.

Tatu, wawe na daftari: namba ya kreti, jina la aliyechukua, siku ya kutoka, siku ya kurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kusoma na kuandika tulikojifunza kisomoni kunatulipa hapo.

TUSIMDHARAU FUNDI WA MATENGA

Hatusemi kwamba matenga yatupwe. Yanatokana na miti na mianzi yetu, na yanawapa mafundi riziki. Machungwa huvumilia tenga kuliko nyanya. Fundi naye akipewa kipimo, anaweza kusuka tenga fupi, lenye mdomo imara, ambalo ndani yake tunatandika majani makavu. Likitimiza safari 6 badala ya 2, hesabu inabadilika: shilingi 500 kwa safari.

Hata kikapu cha sokoni ni chombo kinachorudi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na kikapu alichokitumia bibi kilionekana tena kuwa na akili.

Basi, ndugu zetu, tusiulize tu, "Chombo hiki bei gani?" Tuulize, "Kitakwenda safari ngapi, na nani atakirudisha?"

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu tenga moja linakwenda safari ngapi kabla ya kuvunjika?

2. Kreti ni shilingi 12,000 na limekwenda safari 40. Kurudi ni shilingi 200 kila safari. Kila safari imegharimu shilingi ngapi?

3. Kikundi chenu kikinunua makreti 20, nani atashika daftari? Kwa nini mmemchagua huyo?