Hesabu ya Mwezi Katika Babeli

Katika somo la mwezi huu tunautazama Babeli, mji ambao magofu yake yamo katika nchi ya Iraki. Tumezoea kuusoma kama mji wa uhamisho. Lakini humo walikaa pia waandishi waliouangalia mwezi kwa karne nyingi.

Kwa nini walifanya hivyo? Kwanza, kwa ajili ya kalenda. Mwezi wao ulianza jioni ile mwezi mwandamo ulipoonekana, kwa hiyo ulikuwa na siku 29 au 30. Pili, kwa sababu ya hofu. Kupatwa kwa mwezi kulidhaniwa kuwa dalili ya kifo cha mfalme. Siku za Esarhadoni, mfalme wa Ashuru aliyetawala Babeli pia (681-669 K.K.), mtu mwingine aliwekwa katika kiti cha enzi ili ayapokee mabaya hayo badala ya mfalme. Baadaye aliuawa.

Waandishi hao waliandika katika vibao vya udongo mambo waliyoyaona usiku, na muda uliopita kati ya kuchwa kwa jua na kutua kwa mwezi. Vibao vya namna hiyo vilivyopatikana vinaanzia mwaka 652 K.K. na kufika 61 K.K.

Kwa kuvilinganisha waligundua kwamba baada ya miezi 223, yaani miaka 18 na siku kama 11, kupatwa hurudi kwa utaratibu ule ule. Muda huo ni siku 6,585 na thuluthi ya siku. Thuluthi hiyo ni saa 8 nzima. Ndiyo sababu kupatwa kulikoonekana usiku huweza kurudi wakati wa mchana, kusionekane. Hayo nayo waliyatia katika hesabu.

Tena waliona kwamba miaka 19 ni karibu sawa na miezi 235. Basi katika kila miaka 19 waliongeza miezi 7, ili kalenda isiachane na majira ya mavuno. Kanisa la Aleksandria lilitumia mzunguko huo huo wa miaka 19 kutafuta tarehe ya Pasaka, nao ndio Namba ya Dhahabu katika Kitabu cha Sala cha 1662.

Nabii Isaya (47:13) aliwakemea watabiri wa Babeli. Tutenganishe basi mambo mawili. Kusema mwezi utapatwa usiku fulani ni hesabu. Kusema kwamba kwa hiyo mfalme atakufa ni ubashiri. La kwanza lilithibitika. La pili liliua watu.

Tukumbuke pia kwamba mtu mmoja huona miaka 18 ikizunguka mara tatu au nne tu maishani mwake. Peke yake asingeijua kanuni hii. Aliitegemea kazi ya waliomtangulia, walioandika kwa uaminifu mambo ambayo faida yake hawakuiona.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Ni hofu gani kati yetu ambazo bado huwaumiza watu wengine?
2. Je, vitabu vyetu vya ubatizo na ndoa vinaandikwa ili watakaokuja baada yetu waweze kuviamini?