Kwa Nini Mgonjwa wa Kisukari Hukonda Ingawa Anakula?

Ukila ugali, mihogo au ndizi, vyakula hivyo husagwa tumboni na kugeuka sukari. Sukari huingia katika damu. Damu huipeleka mwili mzima. Lakini kufika mlangoni siyo kuingia ndani.

Mwili umejengwa kwa seli. Seli ni vijumba vidogo sana, huwezi kuviona kwa macho. Kila seli ina ukuta mwembamba. Sukari haipiti ukuta huo ovyo.

Katika seli za misuli na za mafuta, ruhusa ya kuingia huletwa na mjumbe aitwaye insulini. Mjumbe huyu hutoka katika kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Sukari ikizidi katika damu, kongosho humtuma. Yeye haingii ndani ya seli. Hubisha hodi nje, mahali panapomfaa yeye, kama ufunguo na kufuli lake. Ndani wako wanaoisikia hodi hiyo. Wa kwanza humwambia wa pili, wa pili humwambia wa tatu. Habari ikifika, milango ya sukari iliyokuwa imewekwa ndani husogezwa ukutani. Sukari huingia. Mtu hupata nguvu.

Mambo huharibika kwa njia mbili. Pengine mjumbe hayupo, kwa sababu kongosho limeharibika. Hali hii huanza zaidi kwa watoto na vijana. Pengine mjumbe yupo na anabisha, lakini seli hazimsikii vizuri. Hii huwapata zaidi watu wazima, hasa wanene, ingawa hata wembamba huipata.

Sukari ikikosa njia hubaki katika damu, kisha hutoka na mkojo huku ikivuta maji. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huwa na kiu kali, na hukonda. Analala njaa na ghala limejaa! Wengine husema amerogwa. Usipoteze siku kwa maneno hayo. Mtoto akiwa na dalili hizi, mpeleke hospitali siku ileile. Tone moja la damu hutosha kupima sukari.

Zamani mtoto wa namna hii alikufa. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la ng'ombe. Sindano ya kwanza haikumfaa. Dawa ikasafishwa zaidi, akadungwa tena, akapata nafuu. Aliishi miaka 13 zaidi.

Insulini hainywewi, kwani tumbo huisaga kama nyama. Mgonjwa asiye na mjumbe wake mwenyewe asiache sindano, hata akijisikia mzima. Lakini akidungwa bila kula, sukari hupungua mno. Hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe upesi maji yenye sukari nyingi, kisha chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani. Mkimbize hospitali.